Lupango ya Mama Mukwe, Mulango Haiko

Mujibu hii mukiwa mumekaa: niko na askari musitari moya, habakule, habalale, habaombe mushahara, mais jirani akipenda kuchungulia habamukamate. Ni nini?

Ni lupango ya mbao, ile inazunguka nyumba. Na mwenye kuisimamisha ni Phinées wetu. Mulimuacha mu shida, mutamukuta palepale, hajasogea hata hatua.

Kwa bale balikosa gazeti: Phinées anatengeneza paneli za mbao ya kalitusi ku Butembo, kisha anaenda kuzifunga ku manyumba ya batu. Kazi moya ikamupeleka Beni, mu Mulekera, kwa mama anaitwa Jokébed. Kazi ilikuja kwa telefone, hakuna mutu alimuelezea ukoo. Akachimba mashimo, akapaka miti huile ya vidange, mafuta chafu ya motere, juu ya muchwa, akakula ugali na sombe kwa mukono wa ule mama. Siku moya akamuambia, majirani banasikia: "Mama, juu ya lupango weye hapana jua kitu."

Kisha juzi mama akamuonyesha picha ya binti yake mu telefone.

Alikuwa Joyeuse. Joyeuse yake! Ule ambaye, juu yake, baba mukubwa alikuwa anafunga mbuzi za mahari kamba kule Kipese.

Sasa, kwetu, mutu na mama mukwe habaangaliane uso. Ukimuona anakuja mu njia, unaingia mu mihogo mpaka apite, hata kama mihogo ni ya mutu mwenye mbwa. Na Phinées alikuwa amemuangalia mama mukwe uso, meno na hasira. Akisema ukweli, bazee banaweza kurudisha mbuzi, na Joyeuse akabaki kwabo. Asiposema, itajulikana tu.

Pale njo tulimuacha: amenyamaza, vis za kufunga paneli mudomoni.

"Fundi!" Mama Jokébed akaita. "Unaona hii gazon yangu?"

Phinées akainamisha kichwa kabisa. Tangu juzi alikuwa anazungumuza na miguu ya ule mama tu.

"Minaiona, mama."

Zamani pale palikuwa maharagi na biazi. Mama alingoa byote, akapanda majani. Majirani baliuliza kama amenunua ngombe.

"Ni majani ya kuangalia tu," mama akasema. "Mukwe yangu ni Directeur. Unafikiri Directeur atakaa kiti mbele ya maharagi?"

Ilibaki kidogo Phinées ameze vis.

"Directeur ya nini, mama?"

"Ya compagnie! Malachie, mudogo yangu, alimuona kwa macho. Anasema ule kijana akipita ku Butembo, batu banasimama."

"Banasimama juu ya nini?"

"Juu ya heshima! Weye ukipita, nani anasimama?"

"Mbwa, mama."

Mama akacheka mpaka kitenge kikalegea. "Walau unajijua. Mukwe yangu hawezi kushika nyundo vile. Ule anashika kalamu."

Malachie hakusema uongo yote, tumupe haki yake. Alimuona Phinées mara moya, amekaa juu ya paneli, juu ya camion. Na batu balisimama kweli. Camion ilikuwa imefunga njia.

Mais kati ya camion na masikio ya dada yake, ule fundi alikuwa amepata bureau, secrétaire na kiti ya kuzunguka. Malachie iko vile. Ukimutuma kuleta habari ya kuku, anakufikishia habari ya tai.

Hii lupango yenyewe ilikuwa imeshachokesha Phinées. Paneli iko na uso na mugongo: uso ni laini, unang'aa na vernis, mugongo ni mbao za kushikilia, zinalala kama ngazi. Mwanzo mama alisema: "Uso muzuri uangalie kwangu. Juu ya nini jirani afaidi uso, na mwenye lupango aone mugongo?" Phinées akageuza zote. Kisha mama akakumbuka Directeur atafika kutoka inje. "Geuza!" Akageuza. Zile paneli zilikuwa zimezunguka kuliko batu ba politike.

Tena mama alitaka kati ya mbao na mbao bidole bibili bipite. Lupango ya kuficha jardin, ile bustani yake, mais jardin ionekane.

Ilibaki nafasi moya tu, nafasi ya mulango. Portail ya chuma ilikuwa ingali ku Butembo, camion inangoja convoi, juu ile njia haipitwe peke yako. Na mu ile nafasi, asubui ile, bata za jirani zilikuwa zimeingia, zikalala juu ya gazon kama mu hoteli.

"Fundi, chukua paneli moya, funga pale."

"Mama, pale ni mulango."

"Ni mulango ya bata! Funga. Portail ikifika utafungua."

"Mais mama, siye tuko ndani."

"Na miye nataka kuwa wapi? Hapa si kwangu?"

"Na wageni?"

"Wageni ni samedi. Leo ni jeudi, ingali siku mbili. Ku shule balikufundisha nini?"

Phinées angeweza kubisha. Mais mutu mwenye siri habishe, anatii kama mutumishi mupya wa misa. Akasimamisha paneli, akapima usawa na niveau, akafunga vis kwa ndani, moya moya. Lupango ikakamilika. Kazi safi. Hata panya angetafuta pa kutokea.

Na pale akasikia mutu anapiga mbao na kidole.

"Phinées! Pss!"

Jicho moya lilikuwa kati ya mbao. Alilijua lile jicho.

"Joyeuse?"

Joyeuse alikuwa amekuja tangu jana kusaidia mama yake kupika, Phinées akamuambia siri yote, na asubui alitumwa soko. Alikuwa na beseni ya samaki ya chumvi ku kichwa.

"Mulango iko wapi?"

"Haiko."

"Haiko namna gani? Asubui nilitokea hapa hapa!"

"Bata ziliingia."

"Donc mutu akifukuza bata, anafungia bibi yake inje?"

"Bado si bibi yangu..."

"Na namna hii hatakuwa!" Joyeuse akapunguza sauti. "Sikiliza. Convoi ilitoka leo. Baba yako mukubwa Kitsa ameshashuka ku camion, pale barabarani, na mbuzi zote. Nimebaona. Mbuzi moya inakula mboga za mama wa soko, na baba Kitsa anasema ni bahati njema."

Phinées akaangalia njia kati ya mbao.

"Leo? Si balisema samedi?"

"Barabara haijui samedi. Na muyomba Malachie iko nabo, amevaa cravate ku shingo. Umeshaambia mama?"

"Nitamuambia kisha ya vis ya mwisho."

"Ile vis ya mwisho ninaisikia tangu jana. Phinées, ni vis ya namna gani, ya kufunga mbingu?"

Kabla hajajibu, mbuzi zikalia kule chini ya njia.

Baba Kitsa alifika mbele, kofia ku kichwa, fimbo mukononi, na koti ambalo alioa nalo yeye mwenyewe. Nyuma yake mbuzi, na nyuma ya mbuzi Malachie, anafuta mavi ya mbuzi ku kiatu na jani.

"Ni hapa," Malachie akasema kwa majivuno. "Muone lupango! Muone vernis!"

"Ninaona," baba Kitsa akasema. "Mulango?"

"Mulango iko... upande ule."

Bakaenda upande ule. Phinées, ndani, akaona kofia inapita juu ya mbao, kisha fimbo, kisha mapembe. Bakazunguka jardin, bakazunguka nyumba, bakatokea pale balianzia. Malachie akacheka peke yake. Bakazunguka tena. Mbuzi zilikuwa zimeanza kujua njia.

Majirani nabo balikuwa bameshatoka, na Joyeuse akajificha kati yabo na beseni yake. Huko Mulekera mutu anaacha kazi yote akiona mbuzi za mahari zinazunguka nyumba isiyo na mulango.

Baba Kitsa akasimama. Akagonga mbao na fimbo.

"Malachie, kule Kipese hata nguruwe iko na mulango."

"Ni modeli ya sasa, muzee."

"Miye ninajua modeli ya zamani. Zamani, familia ikikataa mukwe, haitukane mutu. Inalaza mugogo mu njia. Wageni banaona mugogo, banageuka na mbuzi zabo, hakuna kelele, hakuna haya." Akaangalia lupango kutoka pembe mpaka pembe. "Hii si mugogo moya. Hii ni pori muzima. Bametukataa kabisa."

"Hapana, muzee! Hapana!"

"Twende. Mbuzi zingali na nguvu."

Ndani, Mama Jokébed alikuwa amesikia byote. Akatoka kunyonyoa kuku, mukono moya na kisu, mukono moya na manyoya.

"Banaenda? Banaenda wapi? Fundi! Toa paneli!"

"Mama..."

"Toa! Utaniharibia ndoa ya mutoto juu ya bata?"

"Yaya, fungua!" Malachie akamulilia dada yake kutoka inje. "Yaya, mbuzi zinageuka!"

Phinées akapiga magoti, akaanza kufungua vis. Vis ya mwisho ikaanguka mu gazon. Akakumbatia paneli, akaiinua kutoka kati ya miti.

Na pale akaelewa.

Mbele yake, inje, baba mukubwa na mbuzi. Nyuma yake, mama mukwe. Akiiweka chini, baba Kitsa atamuita jina, na mama atajua byote. Vile iko imesimama mikononi mwake, hakuna anayejua kitu.

Basi akabaki amesimama, paneli kifuani, kama mulango wenye miguu.

"Fundi, weka chini," mama akasema nyuma yake.

"Mama, siwezi."

"Iko nzito?"

"Iko nzito sana."

"Basi si uiweke chini!"

Inje, fimbo ikaacha kugonga.

"Hii sauti," baba Kitsa akasema polepole, "ni ya mutoto yetu. Phinées!"

Phinées akajikunja nyuma ya paneli.

"Phinées! Buti ninaziona chini ya mbao. Moya nilikununulia miye, na ingine sijui uliokota wapi. Uko nafanya nini mu lupango ya mama mukwe kabla ya mbuzi kuingia?"

"Mama mukwe ya nani?" Mama Jokébed akauliza.

"Yaya, ni jua," Malachie akaingilia mbio. "Muzee ametembea sana. Mumuletee maji."

"Malachie, funga mudomo. Fundi, geuka. Mama mukwe ya nani?"

Hapana geuka mikono tupu, Phinées akajiambia. Akageuka muzima na paneli yake, mugongo kwa baba Kitsa, ili ibaki kati yake na ule mama. Sasa uso ulikuwa karibu na zile mbao, na kati ya mbao na mbao kulikuwa nafasi ya bidole bibili. Akafunga macho. Ilikuwa kama kupiga magoti ku parokia, pale pa kuungama, padri upande ule na dhambi upande huu. Tofauti ni kwamba ku parokia majirani habasikilize.

"Mama. Directeur haiko."

"Haiko wapi? Amebaki Butembo?"

"Haiko kabisa. Compagnie ni miye na musumeno. Bureau ni kivuli ya paillote ya nyasi, na mvua ikinyesha ninafunga bureau. Ule anataka kuoa Joyeuse ni miye. Sikujua hapa ni kwabo. Nilijua pale ulinionyesha picha. Na kisha nikanyamaza, juu nilikuwa nimeshakuambia hujui kitu."

Jirani moya, nyuma, akaambia mwenzake: "Rudi kidogo, unanifunga nafasi."

Pale mbuzi moya, ile ya mboga za soko, ikainamisha kichwa, ikapita kati ya miguu ya Phinées, ikaingia mu jardin. Ikaangalia gazon ya kuangalia tu. Ikaanza kula.

"Imekula!" Malachie akaruka. "Mumeona? Mbuzi imeingia na imekula! Mahari imepokelewa!"

"Moya tu," baba Kitsa akasema. "Na haikutumwa."

"Desturi haisemi itumwe!"

"Desturi haikujua weye utazaliwa."

Baba Kitsa akavuta pumzi, akasimama sawa kama mutu iko ku kyaghanda, ku baraza, mbele ya bazee benzake.

"Musikilize. Mama Jokébed, mwenye lupango, ninakusalimu bila kukuona. Pale huyu kijana alikuwa fundi, macho yake yalikuwa macho ya kazi. Yaliona mama wa kazi. Ile inaoshwa na mbuzi moya ya kuomba radhi, na tutaiongeza. Mais sasa amesema mwenyewe, 'Ni miye.' Kutoka ile neno, iko mukwe. Phinées, mutoto yangu, usishushe ile paneli. Ukimuangalia mama mukwe sasa, umemuangalia ukijua. Pale miye ninarudi Kipese na mbuzi zote, hata ile inakula."

Phinées akakaza mikono. Kalitusi ilikuwa ingali mbichi. Inakunywa maji kama ngamia, na ile maji yote ilikuwa sasa ku mabega yake.

"Umemaliza, baba?" Mama Jokébed akauliza.

"Nimemaliza, mama. Wasingya, aksanti."

"Basi na miye niseme. Huyu mutu amekula ugali yangu. Nimemusifu mbele ya masikio yake, nimemutukana mbele ya masikio yake, na masikio yote mbili yalikuwa yanajua. Nimengoa maharagi yangu juu ya Directeur. Maharagi, baba! Na sasa munaniambia nitoe binti yangu kwa mbao yenye buti?"

"Ni desturi, mama."

"Ni desturi kuheshimu mama mukwe. Si desturi kumucheka. Ninajua uso wake, ndiyo. Mais ule ni uso wa fundi. Uso wa mukwe sijauona. Ashushe paneli, aniangalie, na aseme tena ile maneno. Kama macho hayakimbie, atachukua Joyeuse hata leo. Asiposhusha, Joyeuse anabaki hapa kuotesha maharagi."

"Asishushe!" baba Kitsa akasema.

"Ashushe!"

"Yaya," Malachie akasema, "wazo moya tu: weye ufunge macho, na yeye..."

"Nifunge macho mu lupango yangu?"

"Basi yeye afunge, na weye..."

"Malachie, weye ukija ndani utajua kisu hii ilikuwa ya kuku gani."

Malachie akarudi nyuma ya mbuzi.

Kati ya mbao zote, lupango muzima, palikuwa macho. Bidole bibili kila nafasi, na kila nafasi jicho. Mama alitaka batu ba Mulekera baone jardin yake. Balikuwa banaona.

"Baba," Phinées akasema, jasho linaingia mu macho, "mikono inashindwa."

"Usishushe, mutoto."

"Mama..."

"Shusha, kama uko mwanaume."

Bandugu, jibuni na hii: kitu gani ukikiweka chini unapoteza bibi, na ukikishika unapoteza bibi? Phinées alitafuta jibu mu kichwa, hakulipata. Alitafuta mu mabega, na mabega nayo yalikuwa yanajibu vibaya. Paneli ikashuka kidogo. Kisu ya Mama Jokébed ikaonekana. Inje batu bakapiga kelele. Akaiinua tena.

Njo akasikia beseni inawekwa chini.

Hatua zikakuja. Si za baba Kitsa, hizo zingekuwa na fimbo. Si za Malachie, Malachie alikuwa mbali. Baba Kitsa akasema, "Binti, hii ni maneno ya bazee," na hatua hazikusimama.

Upande wa kuume, uzito ukapungua. Mukono ulikuwa umeshika pembe ya paneli, mukono wa kunuka samaki ya chumvi.

"Joyeuse," Phinées akanong'ona, "unainua ao unashusha?"

"Weye ulikuwa na wakati ya kuchagua," Joyeuse akasema. "Sasa nyamaza."

Na akavuta paneli chini.